Maharusi wako kwenye picha, wageni wako wapi?

Ibada imekwisha saa 9 na nusu alasiri. Vyeti vimetiwa saini, mashahidi wawili wameweka majina yao, mchungaji amewapa mkono wazazi wa pande zote mbili, na nje ya geti matarumbeta yanalia juu ya pikapu. Gari la maharusi linatoka na utepe wake. Nyuma yake yanafuata magari ya wasimamizi na wapambe, na la mpiga video aliyejitoa dirishani hadi kiunoni akirekodi msafara. Honi, vigelegele, vumbi kidogo, basi wameondoka. Uani wamebaki watu mia na ushee waliovaa wakapendeza, na hakuna hata mmoja aliyeambiwa aende wapi.

Kadi inasema tafrija itaanza saa 12 jioni. Aliyehudhuria harusi mbili tatu za Dar es Salaam anajua kuwa saa 12 ni saa ya wapambaji kumalizia kufunga vitambaa kwenye viti, na kwamba maharusi wataingia saa 2 usiku wakijitahidi, saa 3 wakiwa kama wenzao. Mpaka hapo shangazi aliyepanda basi Bukoba juzi anatafuta mahali pa kukaa. Mzee wa kisukari anatazama saa yake. Watoto wamevua viatu na wanalia njaa. Wenye magari wamerudi makwao kujinyoosha kidogo, na baadhi yao hawataonekana tena. Vijana wanaulizana baa ya karibu ni ipi, na watakapofika ukumbini MC atawasikia kabla hajawaona.

Nimekaa kwenye kamati za harusi za kutosha kujua kuwa hapa hakuna roho mbaya. Watanzania hatuna uchoyo wa harusi. Tunachanga, tunaahidi, na tunakumbushwa ahadi kwenye kundi la WhatsApp mpaka tunaogopa kufungua simu. Kamati ina mwenyekiti, katibu na mweka hazina, kisha kamati ndogo za chakula, vinywaji, mapambo, usafiri, ukumbi na burudani. Kila kipande cha siku kina mtu wa kuulizwa, isipokuwa saa zile za mchana. Watu wa chakula wanahesabu sahani za usiku. Watu wa usafiri wanahesabu gari la maharusi na koasta ya wazazi. Mgeni wa saa 10 alasiri hayumo kwenye bajeti ya yeyote, na anayempokea ni mwarobaini wa uani kwa kanisa.

Tuangalie kwanza saa hizo zinatoka wapi, maana wengi hudhani ni uzembe wa maharusi tu.

Chanzo cha kwanza ni ratiba ya nyumba ya ibada. Parokia za mjini huwa na ndoa zaidi ya moja Jumamosi, na nyingi zina Misa ya jioni siku hiyohiyo kwa ajili ya Dominika. Padri anataka kanisa liwe tupu mapema, hivyo ndoa husogezwa asubuhi au mchana. Wakatoliki wa Marekani wana shida hiyohiyo: Misa ya jioni ya Jumamosi inaisukuma harusi mpaka saa 7 au saa 8 mchana, wakati ukumbi umekodiwa kuanzia saa 12. Kwa Walutheri na Waanglikana wa kwetu, saa 8 mchana ni saa ya kawaida. Ukumbi nao una biashara yake, na biashara yake ni usiku.

Chanzo cha pili ni mwanga. Hapa Dar es Salaam jua huzama kati ya saa 12 na robo na saa 1 kasorobo, mwaka mzima, tofauti ni hiyo tu. Mpiga picha mzuri halitaki jua la saa 8, linalomwekea bibi harusi vivuli chini ya macho na kuifanya shela nyeupe ing'ae mpaka maua yake yasionekane. Anataka kuanzia saa 10 na nusu hadi jua linapozama. Kwa hiyo msafara unakwenda Coco Beach, unasimama kwenye Daraja la Tanzanite lililoanza kutumika mwaka 2022, unaingia kwenye bustani ya hoteli iliyolipiwa kwa saa. Mwanza watakwenda Capri Point, au watatafuta pembe ambayo Jiwe la Bismarck litakaa nyuma ya mabega ya bwana harusi. Siwalaumu. Picha hizo ndizo zitakazotundikwa sebuleni, na watoto watakuja kuzitazama wakati wali wa siku ile hakuna anayeukumbuka.

Chanzo cha tatu hakisemwi sana kwenye vikao vya kamati kwa sababu wanaume wengi hawakijui: saluni. Bibi harusi aliyetoka kanisani siye atakayeingia ukumbini. Kuna gauni la pili, nywele za pili, vipodozi vya kusafisha na kuanza upya. Msimamizi wake, matroni, naye ana lake. Ukisikia kuwa ni dakika 40, weka saa moja na nusu.

Baada ya hapo inakuja foleni. Kanisa liko Kigamboni, picha Oysterbay, saluni Sinza, ukumbi Mbezi Beach. Kila eneo lilichaguliwa kwa sababu nzuri, na hakuna aliyeyapanga yote manne kwenye karatasi moja na kuuliza Jumamosi jioni Barabara ya Bagamoyo inakuwaje.

Sasa ongeza kuwa kumbi nyingi hutakiwa kuzima muziki saa 6 usiku. Maharusi wakiingia saa 3, kuna utambulisho wa koo mbili, kuna keki, kuna shampeni, kuna ndafu kwa wenye ndafu, na mistari ya zawadi inayocheza mbele taratibu kana kwamba kesho haipo. Chakula kitatoka saa 5. Mtu aliyekunywa chai saa 1 asubuhi ili awahi ibada anakaa saa 16 bila mlo, na katikati tumempa soda moja.

Sherehe ya namna hii hatukuirithi kwa mababu, na hata waliotuletea ndoa ya shela na keki hawakuwa nayo mwanzoni. Uingereza, kwa karne nyingi, ndoa ilipaswa kufungwa asubuhi, kati ya saa 2 na saa 6 mchana. Mwaka 1886 sheria iliruhusu mpaka saa 9 alasiri, mwaka 1934 mpaka saa 12 jioni, na kikomo hicho cha saa kiliondolewa kabisa mwaka 2012. Watu walitoka kanisani wakaenda mezani moja kwa moja, wakala, wakaagana. Hata familia ya kifalme, ambayo haina haja ya kuhangaikia ukumbi, haikuwaacha wageni wake barabarani: Aprili 29, 2011, Prince William na Catherine Middleton walifunga ndoa Westminster Abbey saa 5 asubuhi mbele ya wageni wapatao 1,900, wageni wapatao 650 wakaenda kwenye tafrija ya mchana ya Malkia katika kasri la Buckingham, na usiku wakabaki kama 300 kwa chakula na muziki. Karamu zilikuwa mbili, kila moja na mwenyeji wake na orodha yake. Aliyealikwa mchana alijua ni mchana, akala, akaondoka na heshima yake.

Ufaransa nako, ambako sheria inataka ndoa ifungwe kwanza mbele ya meya, kuna desturi ya kuwakusanya watu wote baada ya sherehe kwa glasi ya kinywaji na vitafunwa vidogo. Humo wamo majirani, wafanyakazi wenza wa maharusi, mwalimu wa zamani, watu ambao familia haiwezi kuwaweka kwenye chakula cha usiku lakini haitaki kuwapita. Wajerumani wao huweka kahawa na keki saa za alasiri. Kila mmoja alikutana na pengo hili akaliwekea meza.

Lakini hatuhitaji kwenda mbali. Nenda Unguja, Lamu, Mombasa au Bagamoyo, ukahudhurie nikaha. Imamu au kadhi anamaliza hutuba, walii anatamka, bwana harusi anajibu mbele ya mashahidi, dua inasomwa, watu wanasema amina. Kabla hujapata nafasi ya kutafuta viatu vyako, sinia la halua limekufikia na nyuma yake buli la kahawa chungu na vikombe vidogo. Halua ile imekorogwa kwenye sufuria kubwa kwa saa kadhaa, wanga, sukari, samli na iliki, na hakuna anayeulizwa ni mgeni wa upande gani. Aliyepita njiani akaingia msikitini kwa sala ya alasiri tu, akakuta kuna ndoa, naye anapata. Kule Oman desturi ya halua na kahawa iko vilevile, na si ajabu kwa pwani mbili, yetu na yao, zilizooana kwa muda mrefu. Siku hizi utapewa pia kiboksi chenye sambusa, kachori na tende, ukale nyumbani na watoto. Sherehe za wanawake zina wakati wake na siku zake, biriani ina wakati wake, na bwana harusi kuingia kwa mkewe kuna wakati wake. Kila tukio linafungwa na kitu cha kutia mdomoni, na mtu haachwi akielea kati ya tukio na tukio.

Kwa maoni yangu, watu wa pwani wamelimaliza suala hili kitambo. Kanuni yao ni nyepesi kabisa: shahidi wa ndoa hulishwa hapohapo aliposhuhudia.

Wakenya wamelimaliza kwa njia nyingine. Harusi nyingi za kanisani Nairobi na miji ya bara huanza saa 4 au saa 5 asubuhi, na karamu ni ya mchana, mara nyingi kwenye turubai katika uwanja huohuo wa kanisa, wa shule au wa nyumbani. Maharusi wanakwenda kupiga picha, wageni wanapanga foleni ya pilau, kuku, chapati na kachumbari. Maharusi wakirudi wanakuta watu wameshiba na wanacheka. Kuna wanaolalamika kwamba si heshima kula kabla ya wenye harusi. Mimi naona si heshima kumwambia mama wa miaka 70 asubiri. Saa 12 jioni watu wazima wanaagana, na vijana wakitaka kuendelea usiku wanakwenda kwenye sherehe yao ndogo.

Hapa kwetu ukumbi wa usiku umeshinda, na sitarajii uondoke. Una mambo yake mazuri: taa, muziki, watu wanaotoka kazini na kuwahi, baridi ya viyoyozi katika Desemba ya Dar es Salaam ambako joto hufika nyuzi 31 na 32. Na Desemba ndiyo mwezi wa harusi, kwa sababu kwa wengine Kwaresma haifungwi ndoa, kwa wengine Ramadhani haifanywi sherehe, na likizo ya mwisho wa mwaka ndiyo inayowaleta ndugu kutoka mikoani. Basi pengo lipo. Swali ni: ni la nani?

Nalo lina jambo moja kubwa ambalo kamati hazilisemi waziwazi. Kanisani hakuna kadi. Mlango uko wazi, na waliokaa kwenye mabenchi ni jumuiya ndogondogo nzima, kwaya, mwalimu wa mafundisho ya ndoa, mama muuza genge aliyemwona bwana harusi akienda shule na kaptula, dereva wa bajaji aliyekuwa akimpeleka bibi harusi kazini, mfanyakazi wa ndani aliyemlea. Ukumbini kuna kadi, na kadi inafuata mchango. Kuna ya mtu mmoja na ya watu wawili, na mlangoni amesimama kijana wa ulinzi ambaye haulizi wewe ni nani kwa maharusi.

Kwa hiyo zile saa za mchana ni kichujio. Msafara wa magari ukishaondoka, waliobaki wanaanza kujigawa wenyewe, kimyakimya, wenye kadi huku na wasio nayo kule. Mama wa genge anamuaga jirani yake kwa visingizio, kwamba ameacha mlango wazi, kwamba kuna mgonjwa. Hakuna aliyemfukuza. Amekaa ibada nzima ndani ya kanisa, ameimba, amepiga vigelegele mpaka koo limekauka, na anarudi nyumbani hata maji hajapewa. Zamani, wakati harusi ilikuwa nyumbani kwa mzazi, mtu huyu ndiye aliyekuwa amekaa na pawa jikoni tangu alfajiri. Siku hizi mpishi ni wa kukodi na yeye amekuwa mtazamaji.

Siwezi kumwambia mtu aliyechangisha kwa jasho aweke sahani za watu 600 ukumbini. Hesabu haikubali. Lakini chai ya saa 9 na nusu alasiri, uani kwa kanisa, inaweza kumfikia kila aliyeshuhudia. Ni wakati pekee wa siku nzima ambapo wenye kadi na wasio na kadi bado wako pamoja. Familia inayoweka meza pale imefanya karamu ya pili, ya bei ndogo, na ndiyo itakayosimuliwa mtaani, kwa kuwa mtaa mzima ulikuwepo.

Bei ndogo kiasi gani? Chukua watu 100. Kila mmoja vikombe viwili vya robo lita, ni lita 50 za chai. Maandazi mawili kwa kila mtu ni 200, na sambusa mbili ni 200 nyingine. Mama lishe wawili wa mtaani wanazikaanga asubuhi ile bila kuhema. Kwa wasiokunywa chai kwenye joto, kreti moja la soda lina chupa 24, hivyo kreti 5 zinatosha na kubaki. Ongeza maji mengi kuliko unavyodhani, karanga kwenye mabakuli, ndizi mbivu kwa watoto na wazee. Linganisha jumla yake na bei ya moshi wa kemikali unaofuka miguuni mwa maharusi kwa dakika 4 wakati wa kuingia ukumbini. Nimeyaona makadirio ya vyote viwili kwenye karatasi moja, na moshi ulishinda.

Wako watakaosema vitafunwa vifungwe mapema kwenye viboksi, rahisi kugawa. Sawa, ila tahadhari. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa 2, na cha kuliwa moto kishikiliwe juu ya nyuzi 60. Sambusa za nyama na mayai yaliyofungwa kwenye boksi saa 1 asubuhi, yakapakiwa kwenye buti la gari lililoegeshwa juani, saa 10 alasiri si chakula tena. Kama boksi ni lazima, weka vikavu: karanga, keki ya kawaida, visheti, kashata, ndizi. Vya nyama vikaangwe karibu na saa ya kula au viachwe.

Mwenye kisukari asisahauliwe, na wako kwenye kila ukoo. Anayetumia dawa za kushusha sukari halafu akakosa chakula kwa saa 6 anaweza kuanguka pale pale uani, na soda anayopewa kwa haraka si mpango wa mlo. Mgawie kitu cha kushiba kwa wakati, na umwambie kweli chakula cha usiku kitatoka saa ngapi, si saa iliyoandikwa kwenye kadi.

Uani kwa kanisa hapatoshi kwa wote, na hapafai kwa saa 5 nzima. Baada ya chai, wale wenye kwenda ukumbini wanahitaji mahali. Sijaona pazuri kuliko nyumbani kwa wazazi, hata kama nyumba ni ndogo na turubai limebana barabara ya mtaa. Pale kuna mikeka ya akina mama kujinyoosha, kuna chumba cha kuvua viatu vya kubana na kuvaa gauni la usiku, kuna ndoo ya maji ya kuoga kwa waliotoka safari, kuna ndugu wa Moshi na ndugu wa Mtwara wanaokutana kwa mara ya kwanza bila spika kuwapigia kelele masikioni. Kwangu mimi undugu wa koo mbili unaanzia pale. Ukumbini wanatambulishwa kwa kusimama na kupunga mkono, wanakaa, basi. Kwenye mkeka wanaulizana fulani ni nani wa nani, na wanagundua kwamba shemeji yao mmoja alisoma na mjomba wa huyu katika shule ya Ilboru.

Nyumbani pakiwa mbali na ukumbi, muombe paroko au mchungaji ukumbi mdogo wa kanisa kwa saa 3. Wengi hawakatai, na mchango mtakaoutoa unarudi kanisani. Kama mmechukua ukumbi wenye bustani, mkubaliane na mwenyewe afungue bustani kuanzia saa 10, viti 60 na vinywaji, wapambaji wakiendelea ndani. Vyovyote mtakavyochagua, vyoo viwe safi na vya kutosha, na mtu mmoja awe na funguo. Pengine hili linaonekana dogo kwa mwanamume. Muulizeni mwanamke aliyevaa gauni refu la kitenge lenye mkia.

Usafiri wa katikati nao una mwenyewe wa kumtafuta. Koasta inayowapeleka wazazi isiondoke nusu tupu huku bibi wa watu anatafuta bodaboda kwa viatu vya kisigino. Koasta moja ikizunguka mara mbili kati ya saa 10 na saa 12 itawasogeza watu zaidi ya 50 kabla foleni haijakaza. Dereva apewe chakula naye. Dereva mwenye njaa huwa haonekani saa ya kumhitaji.

Kuhusu picha, yako mambo ambayo mpiga picha atakubali akiambiwa mapema na atakataa akishtukizwa. Picha za makundi ya familia zipigwe palepale kanisani mara baada ya ibada, kwa orodha iliyoandikwa na kushikwa na mtu anayezijua sura za pande zote mbili. Kila kundi dakika 3 au 4, makundi 10 ni dakika 40 hivi, na wakati huo wageni wanakunywa chai na kutazama, nayo ni burudani. Kisha maharusi waende pwani peke yao na wasimamizi wawili, eneo moja, si matatu. Wanaotaka picha za maeneo yote ya jiji wazipige siku nyingine. Wapo wanaopiga picha wiki nzima kabla ya harusi, na hakuna aliyewahi kuona tofauti kwenye albamu. Bibi harusi wa harusi moja niliyoihudhuria alimaliza gauni la kwanza, akaenda saluni saa 11, na saa 1 na nusu usiku alikuwa mlangoni mwa ukumbi. MC hakuwa amejiandaa. Alidhani ana saa nzima mbele yake.

Kuna kosa jingine ambalo halina gharama hata senti kulirekebisha, nalo ni uongo wa saa. Kamati huandika saa 12 ili watu wafike saa 2. Watu wamejifunza, wanafika saa 3. Kamati inayofuata inaandika saa 11. Wanaoumia ni wazee na wageni wa mikoani, ambao bado wanaamini maandishi, na hukaa ukumbini peke yao wakiwatazama mafundi wa taa wakipanda ngazi. Kadi iseme: ibada saa 8 mchana, chai uani kwa kanisa saa 9 na nusu, wote mnakaribishwa, mapumziko nyumbani kwa wazazi, mtaa fulani, maharusi wanaingia saa 1 na nusu usiku, chakula saa 3. Mistari mitano. Mgeni akiisoma anapanga siku yake, anajua kama ale nyumbani, kama amlete mtoto, kama achukue dawa.

Na yule mtu wa kuulizwa? Asiwe mama mzazi, ana yake. Asiwe mwenyekiti wa kamati, atakuwa anazozana na mwenye ukumbi juu ya jenereta. Kila ukoo una shangazi au baba mdogo mwenye sauti, asiyeona haya kumwambia mtu "wewe hujala, njoo hapa", anayewajua wazee kwa majina na anayeweza kumtambua mgeni aliyejikunyata kwenye kona. Mpeni huyo bajeti yake, vijana wanne wa kumsaidia, na namba ya simu ya dereva wa koasta. Asiingizwe kwenye msafara wa picha hata akiomba.

Ndugu mnaokaa vikao vya harusi za Desemba: kabla hamjalipa malipo ya awali ya ukumbi, nendeni kanisani mkaulize saa ya ibada. Zihesabuni saa zilizopo katikati. Zikizidi 3, andikeni mstari wake kwenye bajeti, juu ya mapambo, na jina la mwenye kuusimamia.